Mume Wangu na Ile Inayoitwa Kona ya Mahaba

Mume wangu hakupinda barabara kwa ajili ya mwanamke. Wanaosema hivyo ni wengi, na wengi wao hawajui hata barabara hupimwa vipi. Wanadhani mpima ardhi huamka asubuhi, akajinyoosha, akaonyesha kwa kidole upande anaoupenda, na katapila likafuata nyuma yake kama ng'ombe.

Kwa miaka thelathini na moja maneno haya yalikuwa ya midomoni tu, nami niliyaacha yapite, kwa sababu mwanamke aliyesoma hafukuzani na kila mdomo ulio wazi. Lakini mwaka jana Ofisi ya Barabara iliyaandika kwa rangi nyeupe juu ya bati la kijani. Kibao kimesimama kilomita ya arobaini na moja, mahali ambapo barabara kuu inayotoka bondeni kwenda miji ya ndani inaacha mstari wake ghafla, inapanda kilima kuuendea mji wa juu, inaupitia, kisha inashuka tena kana kwamba imekumbuka ilikokuwa ikienda. Kibao kinasema: KONA YA MAHABA. PUNGUZA MWENDO.

Mjukuu wangu mkubwa hupita hapo kila anapokwenda shule ya bweni. Likizo iliyopita aliniuliza mbele ya wageni, "Bibi, ni kweli babu alikuwa na mchumba pale kwenye kona?" Wageni wakapata ghafla jambo la kutazama vikombeni mwao. Basi nimechukua kalamu. Watoto hawa wanatumia jina la babu yao, na sitaki walibebe kama mzigo wa mtu mwingine.

Nianze kwa kueleza alikuwa mtu wa namna gani, maana hapo tu uvumi ungepaswa kufa.

Kazini walimwita Bwana Sentimita, na hawakumwonea. Alipokuja kunichumbia, maneno yake ya kwanza kwangu tulipoachwa peke yetu yalikuwa kwamba kutoka mlangoni kwao hadi mlangoni kwetu ni mita elfu moja mia nne na sita, ukipita njia ya kisima. Nikamuuliza, "Na ukipita barabarani?" Akafikiri. Akasema, "Sijapima. Nipe hadi Alhamisi." Alhamisi akarudi na jibu. Shangazi yangu alikuwa amejibanza nyuma ya mlango akisikiliza, akatoka huko mbio kumwambia mama, "Huyu mwozesheni leo leo, hatamdanganya mtu maisha yake yote, hana akili ya uongo."

Nyumbani alichora kwa penseli sakafuni alama za miguu ya meza ya chakula, ili ikisogezwa wakati wa kufagia irudi pale pale. Nikikosea kwa upana wa kidole, alikuwa anasimama mlangoni na mkoba wake, anasema, "Meza imehama." Sio "habari za kutwa." Meza imehama. Siku niliyompikia kwa mara ya kwanza alisifu chakula kwa kusema kwamba chumvi imekaa katikati, na mimi, mwalimu wa hesabu niliyefundisha watoto wa watu miaka ishirini na sita, nilikaa usiku ule nikijiuliza kama nimesifiwa au nimesahihishwa.

Mtu huyo ndiye tunayeambiwa aliwaka mapenzi hadi akaipinda barabara ya serikali. Kama angekuwa na moto wa kiasi hicho, naamini mimi ningekuwa wa kwanza kuota.

Sasa kazi yenyewe. Barabara haichongwi kwa macho. Mpimaji hutangulia, na kila baada ya hatua kadhaa anapigilia kigingi cha mti chenye kichwa chekundu. Dereva wa katapila hana ramani wala haitaki. Yeye hufuata vichwa vyekundu. Vigingi hivyo vinaonyesha katikati ya barabara. Nitalirudia kwa ajili ya watu wa mji wa juu, ambao lingewafaa sana mwaka ule: katikati. Sio ukingoni. Kulia na kushoto ya kila kigingi kuna eneo la barabara, na chochote kilichosimama ndani yake huondoka.

Mume wangu alikuwa na desturi yake mwenyewe. Kando ya kila kigingi chekundu, hatua tatu kuelekea bondeni, alizika kipande cha nondo, kisionekane, akaandika mahali pake katika daftari la vipimo. Nondo hizo aliziita mashahidi. Wenzake walimcheka. Walisema Bwana Sentimita anazika vyuma kama mbwa anavyozika mifupa.

Mstari alioupima yeye haukuupitia mji wa juu. Ulipita chini yake, kilomita mbili, kwenye ardhi ngumu, kwa sababu udongo wa kile kilima ni mfinyanzi na mvua ikinyesha unateleza. Jambo hilo halikuwapendeza wenye maduka. Walikuwa kumi na mmoja, maduka yao yamepangana kwenye mtaa mmoja, na kiongozi wao alikuwa muuza nafaka waliyemwita Mizani kwa jinsi mzani wake ulivyokuwa mwepesi kumpendelea. Walikwenda kambini kumwona mpimaji, wamevaa makoti katika joto lile.

"Bwana Mpima," Mizani akaanza, "barabara ikipita huko chini itamhudumia nani? Nyani?"

"Nyani hawana malori," mume wangu akajibu. "Hii ni barabara ya malori."

"Na malori yatanunua nini huko porini?"

"Hayatanunua. Yatapita."

Kibarua aliyekuwepo ananiambia walitazamana kama watu waliotukanwa. Mizani akalainisha sauti. "Ndugu yangu, wewe ni mtu mzima. Sogeza kidogo tu. Kuna ubaya gani?"

"Kidogo ni kiasi gani?" akauliza mume wangu, maana neno hilo hakulijua kama kipimo.

Wakavaa kofia zao wakaenda.

Wiki mbili baadaye dereva wa lori la saruji alimletea mume wangu barua kambini. Ilikuwa karatasi iliyokunjwa mara nne, haina jina la mwandishi. Ilisema mkeo yuko mahututi, njoo upesi ukitaka kumkuta hai. Kambi ile haikuwa na simu, na mkubwa wake alikuwa mji wa mbali. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Bwana Sentimita aliondoka kazini bila ruhusa ya maandishi. Alipanda lori lile lile na vumbi lake la saruji, akasafiri siku mbili.

Alinikuta uani, nimekaa kwenye mkeka, nasahihisha mitihani ya darasa la sita. Alikuwa amejaa saruji hadi kwenye kope. Nilidhani ni mzimu.

"Unaumwa wapi?" akaniuliza kabla ya salamu.

"Siumwi popote. Wewe je? Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

Akakaa chini pale pale kwenye vumbi, mtu ambaye hajawahi kukaa bila kupangusa kiti. Kisha akalia. Sijawahi kumwambia mtu hili, na naliandika mara moja tu: alilia kwa furaha ya kunikuta nasahihisha mitihani. Wapenda mapenzi waandike hilo kwenye kibao chao.

Alipotulia akanipa ile karatasi. Nikaisoma. Mwandiko ule niliujua kama ninavyoujua wangu. Mimi na mwandishi wake tulijifunza kuandika kwenye meza moja, nyumbani kwa baba yetu.

Lori la kurudi juu lilikuwa moja kwa wiki. Alisubiri siku nne akizungukazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ukijumlisha na safari, alikuwa nje ya kambi siku nane.

Siku nane ziliwatosha. Wenye maduka waliwaalika vibarua wa kambi kwenye karamu, nyama na vinywaji tangu asubuhi, na vibarua walipolala mchana kila mtu chini ya kivuli chake, wale waungwana walivua makoti yao, wakang'oa vigingi vyekundu kimoja kimoja, wakavipandisha kilimani hadi mtaani kwao. Walifanya hivyo siku mbili mfululizo, na inasemekana walipima kwa kamba ya kuanikia nguo. Kisha kila mwenye duka, kwa kuwa kila mmoja aliogopa barabara isije ikampendelea jirani, alikichukua kigingi chake akakipigilia karibu kabisa na mlango wake mwenyewe. Mizani alikipigilia kwenye kizingiti.

Yaliyofuata nilisimuliwa na dereva wa katapila, na mzee yule mpaka leo hawezi kuyamaliza bila kushika mbavu. Alifika mtaani akiufuata mstari wake, akateremsha bamba la chuma la mbele, akaanza na baraza la duka la kwanza. Mizani akatoka mbio na kikombe cha chai mkononi.

"We! We! Simama! Unabomoa nini? Barabara inapita mbele ya maduka!"

"Mzee, mimi nafuata kigingi."

"Hicho kigingi ni cha pembeni!"

"Nani kakwambia? Cha pembeni hakipo. Hiki ni cha katikati."

"Katikati ya nini?"

"Ya barabara, mzee. Kigingi kiko mlangoni kwako, kwa hiyo katikati ya barabara iko mlangoni kwako. Toa vyombo."

Dereva anasema Mizani alikiweka kikombe chini. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Tukikisogeza kidogo?"

"Utasogeza wewe? Vigingi vya serikali? Ukikishika tu naita polisi."

Maduka kumi na moja yote yalikwenda. Na kwa kuwa hayakuwemo kwenye orodha ya majengo yatakayobomolewa, fidia haikuwepo. Wangemwambia nini afisa wa fidia? Kwamba barabara imekosea njia? Au kwamba wao ndio walioielekeza?

Mume wangu aliporudi, kilima kilikuwa kimekwisha kuchanwa kama papai. Alichukua daftari, akaenda kule chini kwenye mstari wake, akafukua mashahidi mmoja baada ya mwingine. Wote walikuwa pale pale alipowazika.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo, na naomba msomaji atulie. Tume iliundwa. Mkandarasi alikataa kurudi nyuma, wakubwa wakaamua barabara ibaki ilipo, ila lazima mtu alaumiwe. Wakamwita mume wangu. Angeweza kujisafisha kwa dakika kumi: vyuma vilikuwepo, daftari lilikuwepo. Lakini swali la kwanza la tume lingekuwa, ulikuwa wapi siku nane? Ili alijibu ilimpasa atoe ile barua. Barua ikitolewa, mwandiko ungetafutwa, na mwenye mwandiko angefungwa pamoja na wenye maduka, maana bila hila yake vigingi visingehama. Huyo alikuwa na watoto wadogo. Na baba yetu alikuwa bado hai, mgonjwa wa moyo, anajisifu kila siku kwamba hakuna mtoto wake aliyewahi kusimama mahakamani.

Alikuja nyumbani siku mbili kabla ya kikao. Tulikaa jikoni asubuhi, mimi namenya viazi.

"Sema wewe," akaniambia. "Ni damu yako."

Kisu kikanisimama mkononi. "Ukinyamaza watakufanya nini?"

"Watanishusha cheo. Labda wataniondoa kazi za nje."

"Na ukisema?"

"Unajua nikisema."

Nilimwomba anyamaze. Sikumzungusha, sikulia, nilimwomba waziwazi kama mtu anayeomba maji. Akaitikia kwa kichwa, akaurudisha mguu wa meza kwenye alama yake, akaondoka.

Mbele ya tume walimuuliza mara tatu alikuwa wapi, na mara tatu akasema, "Sikuwepo kazini." Mjumbe mmoja, mcheshi wa kukosa kazi, akauliza kwa kucheka, "Bwana Sentimita, au kulikuwa na mama fulani?" Wakacheka wote. Hakumjibu. Na nchi yetu hii, mwanamume akiulizwa habari za mwanamke akanyamaza, basi harusi imekwisha fungwa. Wenye maduka walilidaka neno lile kwa mikono miwili. Lilikuwa zuri kuliko ukweli, kwa sababu ndani yake wao walikuwa wahanga wa mapenzi ya mtu mwingine na sio wa kamba yao ya nguo.

Walimshusha. Walimweka chumba cha ramani, chini kabisa ya jengo, miaka tisa, akipanga karatasi za barabara zilizopimwa na wengine. Alizipanga vizuri mno.

Sasa kuhusu yule mwanamke. Anaitwa Mama Birika, na ana mgahawa wa chai pale penye kona, na ndiye anayetajwa. Alifungua mgahawa ule miaka mitatu baada ya barabara kukamilika, kwa sababu malori hupunguza mwendo hapo. Kwanza ilikuja kona, ndipo likaja birika. Mtoto wa darasa la pili angeona kwamba barabara haiwezi kupindwa ili imfikie mtu ambaye hajafika, lakini uvumi haujawahi kufaulu hesabu.

Ni kweli alikuja msibani mume wangu alipofariki, miaka minne iliyopita, na ni kweli alilia kuliko mimi. Wifi yangu alinikanyaga mguu chini ya kanga akaninong'oneza, "Unaona? Unaona?" Nikamwambia, "Naona, wifi. Ondoa kisigino chako." Lakini kibao kiliposimikwa nilipanda basi nikaenda kumwona mwenyewe, ili nisije nikaandika nisichokijua.

Alinipa kiti, akafuta meza mara mbili. "Dada, hata mimi jina hilo linanichosha," akasema. "Madereva wananiuliza mpenzi wangu yuko wapi. Mume wako alikunywa chai hapa mara mbili tu. Mara ya kwanza alisema sukari imezidi. Mara ya pili alisema meza yangu imeinama nyuzi mbili, akapiga magoti akatia kipande cha bati chini ya mguu. Mpaka leo haijatikisika."

"Na msibani ulilia hivyo kwa nini?"

"Mimi hulia kila msiba, dada. Waulize watu."

Niliwauliza. Ni kweli, hulia kila msiba. Nikanywa chai yake, na sukari ilikuwa imezidi.

Nikaiandikia Ofisi ya Barabara barua sita. Ya saba nilipeleka nakala kwa mkuu wa mkoa, ndipo wakamtuma mhandisi kijana, mpole, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Usiisogeze meza."

Akaeleza kwamba kibao kinaweza kuondolewa, na hata faili la marehemu kusahihishwa, kama upo ushahidi kwamba vigingi vilihamishwa. Nikampa daftari. Alilisoma muda mrefu, kidole kinatambaa kwenye tarakimu. Wiki iliyofuata alikwenda na vibarua wake, akafukua mahali pale daftari lilipoelekeza, akazikuta nondo kumi na nane kati ya ishirini alizozitafuta, chini ya majani, miaka thelathini na moja. Alirudi kwangu na moja, imekula kutu, ameifunga kwenye gazeti kama zawadi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kanisani au msikitini.

"Mama, sijawahi kuona kazi kama hii. Mzee hakukosea hata kidogo."

"Hakulijua neno kidogo," nikamwambia.

Akakohoa. "Ila kuna jambo. Ukurasa wa hamsini na mbili umekatwa. Umekatwa kwa wembe, vizuri sana. Na ndio wa zile tarehe ambazo faili la tume linasema hakuwepo."

"Nimeona."

"Tukiupata huo, mama, tutaandika kila kitu. Nani alifanya, kwa nini mzee aliondoka. Jina lake litasafishwa kabisa. Bila huo nitaandika tu kwamba vigingi vilihamishwa na watu wasiojulikana, na kwamba mpimaji hakuwepo kwa sababu zisizojulikana. Watu wataendelea kuuliza."

"Andika wasiojulikana. Inatosha."

"Lakini wewe unawajua."

"Mwanangu, chai yako inapoa."

Aliandika hivyo. Kibao kimeondolewa na wamesimika kingine kisicho na mapenzi ndani yake. Faili limesahihishwa, ninayo nakala yenye muhuri, na mjukuu wangu ameisoma mara mbili kwa sauti mbele ya wageni wale wale, niliohakikisha wamealikwa.

Wenye maduka waliobaki hai ni watatu, na wanajifahamu. Lakini tangu kurasa za mwanzo za maandishi haya zipite mikononi mwa jamaa, watu wamekuwa wema kwangu kupita kiasi. Wananitembelea, wananiletea matunda, wanaulizia afya yangu, kisha wanasogeza kiti: ile barua iliandikwa na nani? Wifi yangu ameuliza mara nne. Anasema upande wao wana haki ya kujua ni nani wa upande wetu aliyemharibia kaka yao kazi, na mbele ya haki hiyo sina la kujitetea, ila jibu langu ni lile lile. Kwenye meza ya baba yetu tulikaa watoto sita. Wanne wamekwisha zikwa, nimebaki mimi na mmoja. Msipige hesabu, maana sikusema kama mwandishi yuko juu ya ardhi au chini yake, na sitasema. Mume wangu alilipa miaka tisa ili jina hilo lisitamkwe, na alilipa kwa sababu nilimwomba mimi. Ukurasa alioliandika jina hilo uko mahali ninapopajua. Sitautoa, sitausoma kwa mtu, na anayekuja kwangu na matunda aje kwa sababu anapenda kunipa matunda.

Sisemi zaidi.